Sawa kwa Njia Ipi?

Katika Kiswahili chetu neno "sawa" hubeba mizigo mingi kuliko punda wa Mbulu siku ya mnada. Watu wawili wakiafikiana bei husema sawa. Fundi akitazama timazi lake husema ukuta uko sawa. Mwalimu akiandika ubaoni 7 + 5 = 12 husoma kwamba saba kujumlisha tano ni sawa na kumi na mbili. Mzee akiwagawia wanawe shamba husema kila mmoja amepata sawa, ingawa mmoja kapewa la bondeni na mwingine la mlimani. Ni nadra mtu kusimama na kuuliza: sawa kwa njia ipi?

Wanahisabati wamelishughulikia swali hilo kwa zaidi ya miaka mia moja na ishirini, na tawi lililochipuka humo huitwa nadharia ya homotopi. Kutoka tawi hilo likazaliwa jingine, nadharia ya kategoria, na baadaye wajukuu wake, kategoria za ngazi za juu. Majina haya yanatisha, nami sitayataja zaidi ya inavyolazimu. Naiandika historia hii kwa sababu kipande chake kidogo kilifika Afrika Mashariki mwaka 1962, kikaingia madarasani mwetu kwa jina la hisabati ya kisasa, kikakaa miaka isiyotimia ishirini, kisha kikafukuzwa kama mgeni aliyekosa adabu. Sisi tulioshika chaki miaka hiyo hatukuelezwa kilikotoka, wala kilichoachwa nyuma kilikuwa nini. Hayo nimekuja kuyasoma baada ya kustaafu, polepole, kurasa mbili tatu kwa jioni.

Chukua mbuzi watatu na vigingi vitatu. Mchungaji asiyejua kuhesabu atakuambia kwamba vinatoshana: kila mbuzi ana kigingi chake, hapana mbuzi aliyebaki wala kigingi kilichobaki. Vitabu vya hisabati ya kisasa viliita jambo hili kuoanisha moja kwa moja, na vilifundisha kwamba hapo ndipo namba zinapoanzia. Ni kweli. Lakini mbuzi watatu waweza kufungwa kwenye vigingi vitatu kwa namna sita tofauti. Darasani tuliandika "sawa", tukazitupa zile namna sita kama mtu anayekula embe na kutupa kokwa. Mchungaji hazitupi. Anajua kwamba beberu yule akifungwa karibu na mbuzi fulani, usiku huo hapatalalika. Kwake yeye, wingi kuwa sawa ni mwanzo tu wa habari. Habari yenyewe ni nani kafungwa wapi. Historia ninayoisimulia ni ya wasomi waliojifunza, hatua kwa hatua, kutozitupa zile namna sita.

Sasa tuache mbuzi, tuchukue kamba zao. Sisi tunaokaa Karatu tuna bahati, maana mfano bora wa homotopi uko juu ya vichwa vyetu. Ukitoka mjini ukapita lango la Lodoare, ukapanda msitu, unafika ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro. Kreta ile ina upana wa kilometa zipatazo 19 na kina cha mita 600 hivi, na sakafu yake ina eneo la kilometa za mraba 260 au karibu na hapo. Hebu ndugu msomaji fikiria kamba ndefu iliyofungwa ncha moja Karatu na ncha ya pili Oldupai. Kamba hiyo imelazwa kwa kupitia upande wa Malanja, magharibi ya kreta. Kamba ya pili ina ncha zilezile, ila imelazwa upande wa mashariki, kwa kupitia Nainokanoka. Swali ni hili: je, naweza kuisogeza kamba ya kwanza polepole, bila kuikata, bila kuinyanyua kutoka ardhini na bila kufungua ncha zake, mpaka ilale pale ilipo ya pili?

Nimewauliza swali hili watu wengi, walimu wakiwamo, na karibu wote hujibu kwamba haiwezekani, kwa sababu katikati pana shimo. Jibu sahihi ni kwamba inawezekana. Kamba inateremka ukuta wa kreta, inavuka sakafu, inapita ilipo Magadi, inapanda ukuta wa pili na kufika. Urefu wake utabadilika njiani, lakini urefu haumo katika swali. Kreta, pamoja na ukubwa wake wote, ni mbonyeo tu. Kiswahili kinatusaidia hapa kuliko lugha nyingi, kwa kuwa sisi tuna shimo na tuna tundu. Shimo lina chini yake. Tundu limetokea upande wa pili. Kibuyu kikitobolewa kina tundu. Ngata anayoweka mama kichwani chini ya ndoo ya maji ina tundu. Ngorongoro ni shimo, na kwa mwanahisabati wa homotopi shimo si kitu.

Hata hivyo mambo hubadilika ukiweka sheria. Wamaasai waliishi ndani ya kreta hadi mwaka 1974 walipoondolewa. Ukisema kuanzia leo kamba hairuhusiwi kugusa sakafu ile, basi kwa kamba hiyo shimo limegeuka tundu, na zile njia mbili, ya Malanja na ya Nainokanoka, si sawa tena wala hazitasawazishwa. Mchoro wa ardhi haujabadilika hata kidogo; kilichobadilika ni ruhusa ya kupita. Mzee aliyekuwa na ng'ombe wanaoijua njia ya kwenda kwenye chumvi kule chini hahitaji kitabu kulielewa hilo.

Elimu ya maumbo isiyojali urefu wala pembe, inayojali tu kilichoungana na kilichotoboka, huitwa topolojia. Mbegu zake ni za zamani; Leonhard Euler alizipanda mwaka 1736 alipofikiria madaraja saba ya mji wa Königsberg. Lakini aliyefanya kamba kuwa somo la hisabati ni Mfaransa Henri Poincaré, mwaka 1895. Alichukua kamba inayoanza mahali fulani na kurudi palepale, akauliza ni kamba zipi zinaweza kusogezwa mpaka zikawa kamba nyingine. Mfunge ndama kwenye kigingi naye aanze kuzunguka. Kamba itazunguka kigingi mara moja, mara mbili, mara tatu. Akigeuka na kwenda upande wa pili mizunguko inafunguka, na akiendelea tunahesabu moja hasi, mbili hasi. Asipozunguka ni sifuri. Namba kamili zote, chanya na hasi, zinatoka katika kamba na kigingi, na kujumlisha ni kuzunguka kisha kuzunguka tena. Mwalimu yeyote aliyewahi kutoa jasho kuwaeleza watoto wa darasa la sita namba hasi ataona hapa zawadi aliyonyimwa.

Poincaré aliacha pia fumbo moja, mwaka 1904, kuhusu namna ya kulitambua tufe kwa kamba peke yake katika vipimo vitatu. Lilifumbuliwa na Mrusi Grigori Perelman mwaka 2002 na 2003, ambaye mwaka 2010 alikataa zawadi ya dola milioni moja. Sisi walimu tuliowahi kungoja malimbikizo ya mishahara miaka na miaka tunamtazama mtu huyo kwa mshangao usio na maneno.

Poincaré alijali kwamba kamba inasogezeka. Hatua iliyofuata ilikuwa kujali imesogezwa vipi. Shika chungwa. Choma pini moja juu na nyingine chini, uvute uzi kutoka pini hadi pini upande unaoelekea kwako. Sasa unataka kuupeleka uzi huo upande wa nyuma. Waweza kuupitisha kuliani, na waweza kuupitisha kushotoni. Mwanzo ni uleule na mwisho ni uleule, lakini misogezo ni miwili, na safari hizi mbili zikiwekwa pamoja zimelizunguka chungwa zima. Hapana namna ya kuugeuza msogezo mmoja kuwa mwingine bila kuchana ganda. Kwa hiyo kuna njia, na kuna njia kati ya njia. Na ukiwa na njia kati ya njia, kwa nini usiwe na njia kati ya hizo tena? Hii ni nyumba ya ghorofa isiyo na paa.

Wa kwanza kuipanda nyumba hiyo hadharani alikuwa Eduard Čech, katika mkutano wa wanahisabati huko Zürich mwaka 1932. Wakubwa wa somo walimtazama wakaona kwamba hesabu za ghorofa za juu zinafuata kanuni nyepesi mno, ile ambayo shuleni tunasema 2 + 3 ni sawa na 3 + 2, wakadhani kitu chepesi hivyo hakiwezi kuwa na habari mpya. Čech aliondoa makala yake, ikabaki aya fupi tu katika kumbukumbu za mkutano. Miaka mitatu baadaye Mpolandi Witold Hurewicz aliichukua hoja hiyohiyo na kuonyesha kwamba ina utajiri mkubwa. Na tayari mwaka 1931 Heinz Hopf alikuwa ameonyesha kwamba tufe la kipimo cha juu laweza kuvilingishwa juu ya tufe la kawaida kwa namna isiyofunguka kamwe. Hakuna aliyetarajia hilo. Hadi leo orodha kamili ya namna hizo, kwa matufe ya vipimo vyote, haijapatikana.

Hapo ndipo ilipohitajika lugha. Vitu vilikuwa vingi mno, na njia kati ya vitu zilikuwa nyingi zaidi. Samuel Eilenberg, aliyetoka Warsaw akakimbilia Marekani mwaka 1939 vita vilipokaribia, alikutana na Mmarekani Saunders Mac Lane, na mwaka 1945 walitoa makala iliyoanzisha nadharia ya kategoria. Kategoria ni mkusanyiko wa vitu pamoja na mishale kati yao, na mshale mmoja unaweza kufuatwa na mwingine, kama basi la Karatu hadi Makuyuni linavyofuatwa na la Makuyuni hadi Arusha, ikawa safari moja. Jambo kubwa katika fikra zao ni kwamba huhitaji kukipasua kitu ili kujua kina nini ndani. Tazama mishale inayokiingia na inayotoka, utakijua chote. Wahenga wetu walisema mtu ni watu. Eilenberg na Mac Lane walisema kitu ni mishale yake, kisha wakaweka mishale kati ya makundi ya mishale, na hiyo ndiyo waliyokuwa wakiitafuta tangu mwanzo.

Sasa nije kwetu, maana hapa njia mbili ziliachana.

Huko Ufaransa, tangu miaka ya 1930, kulikuwa na kundi la wanahisabati walioandika kwa jina moja la kubuni, Bourbaki. Walitaka kuiandika hisabati yote upya juu ya msingi mmoja. Msingi waliouchagua ni seti, yaani mkusanyiko wa vitu. Eilenberg mwenyewe alikuwa mwenzao, lakini kundi halikubomoa msingi wa seti ili kuweka mishale. Wakati huohuo Warusi walirusha Sputnik mwaka 1957, nchi za Magharibi zikashtuka kwamba shule zao zimelala. Mwaka 1959, katika mkutano wa Royaumont karibu na Paris, Jean Dieudonné wa Bourbaki alitaka jometri ya Euclid iondolewe shuleni. Hisabati ya kisasa ilianza kumiminika madarasani, na iliyomiminika ni seti.

Iliwahi kufika kwetu kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka 1961 wasomi wa Marekani, Uingereza na Afrika walikutana Massachusetts, wakiongozwa na mwanafizikia Jerrold Zacharias wa chuo cha MIT, kuzungumzia elimu ya Afrika. Katikati ya mwaka 1962 warsha ya kuandika vitabu vya hisabati ilikusanyika Entebbe, ukingoni mwa Ziwa Viktoria, chini ya William Ted Martin, mwanahisabati wa chuo hichohicho. Uganda ilikuwa haijapata uhuru wake wa Oktoba mwaka ule. Tanganyika ilikuwa na uhuru usiotimiza mwaka. Walimu na wahadhiri kutoka nchi za Afrika zinazotumia Kiingereza walikaa meza moja na Wamarekani na Waingereza. Vitabu vilivyotoka vikaitwa vya Entebbe, vya msingi, vya sekondari na vya vyuo vya ualimu. Nasema wazi kwamba nia ilikuwa njema. Waliamini kwamba mtoto wa Kiafrika asilishwe makombo ya hesabu za karani, za pauni na shilingi na peni, apewe hisabati ileile anayopewa mtoto wa Boston. Mpaka leo imani hiyo sijaona wa kuibeza.

Upande mwingine Waingereza walikuwa na mradi wao, SMP, ulioanzia Southampton mwaka 1961, na vitabu vyake vikafanyiwa marekebisho kwa shule za Afrika Mashariki. Hivi vilikuwa na tabia tofauti. Vilipenda mwendo: kuzungusha umbo, kuligeuza, kulisogeza. Na katika vitabu vya SMP mlikuwa na sura ya topolojia. Mwanafunzi alichora vituo na njia, akahesabu maeneo, akagundua kwamba maeneo ukijumlisha na vituo ni sawa na njia ukijumlisha na mbili. Jaribu na pembetatu: vituo vitatu, njia tatu, maeneo mawili, kwa kuwa nje nako ni eneo. Kanuni hiyo ni ya Euler, na ndiyo mlango wa nyumba yote niliyoieleza hapo juu. Kwa hiyo topolojia, mama wa homotopi, ilishapangiwa kubisha hodi katika madarasa ya Afrika Mashariki ya miaka ya 1970. Sura ile ilikuwa fupi na ya kuchekesha, na walimu wengi waliiruka kwa kuwa haikuonekana kuwa ya mtihani.

Mimi niliingia chuo cha ualimu mwishoni mwa miaka ya 1960. Elimu ya Kujitegemea ilikuwa imetangazwa mwaka 1967, na shule za msingi zilikuwa zimeingia katika kufundisha masomo yote kwa Kiswahili. Kwa hiyo tulisoma hisabati ya kisasa kwa Kiingereza asubuhi, tukaitafuta kwa Kiswahili mchana, shambani tukiwa na majembe. "Seti" ilipatikana upesi. "Seti tupu" ilizua vicheko. Baadaye, nikiwa na darasa langu mwenyewe, mtoto mmoja aliniuliza: "Mwalimu, kama haina kitu, kwa nini tunaichorea zizi?" Swali zuri sana. Nilimjibu kwamba zizi lisilo na ng'ombe bado ni zizi, na mwenye kujenga zizi ana matumaini. Akaridhika kuliko ambavyo angeridhika na maelezo ya kitabuni.

Wazazi hawakuridhika. Mzee mmoja mkulima wa ngano na maharage alinijia shuleni, akanisalimu kwa heshima zote, kisha akasema, "Mwalimu, kijana anajua sheria ya kugeuza namba, mbili na tatu, tatu na mbili. Lakini nikimtuma mnadani anaibiwa. Hiyo seti debe moja wananunua shilingi ngapi?" Nilimwambia, "Baba, tutamfundisha na ya mnadani." Tulimfundisha. Wakati huo nilishaanza kuona kwamba ugomvi wa seti na bei ya maharage haukuwa ugomvi wenyewe.

Ugomvi wenyewe ulikuwa huu. Tuliletewa majina tukanyimwa vitendo. Vitabu vilitufundisha kuita: hii ni seti, hii ni elementi, hii ni seti ndogo, huu ni ukamilishano. Mtihani ukauliza majina. Lakini ule mti uliozaa hisabati ya kisasa, karne nzima, ulikuwa mti wa vitendo: kusogeza, kuzungusha, kuoanisha, kufuatisha mshale na mshale. Mbuzi na vigingi vilikuwamo katika vitabu vya kwanza kabisa vya watoto, kwa michoro mizuri, ila viliwekwa pale ili mtoto afike kwenye neno "sawa" upesi na kufunga daftari. Hapana aliyemwambia mwalimu: simama hapa, waulize watoto ni kwa namna ngapi. Namna hizo sita ni hisabati kubwa kuliko neno seti lenyewe.

Na vitendo tulikuwa navyo. Otto Raum, aliyefundisha miongoni mwa Wachaga chini ya Kilimanjaro, alichapisha mwaka 1938 kitabu juu ya hesabu katika Afrika, akitaka somo lianzie katika maisha ya mtoto mwenyewe. Huko Liberia, John Gay na Michael Cole walitazama jinsi hisabati mpya inavyopokelewa na Wakpelle, na mwaka 1967 wakatoa kitabu kilichoonyesha kwamba wakulima wa mpunga walikadiria vibaba vya mchele kwa usahihi kuliko Wamarekani wasomi. Kwetu sisi mfugaji anatambua kundi lake bila kuhesabu, kwa kumwona aliyekosekana. Mcheza bao anashika kichwani mitaji mitatu minne inayofuatana, yaani mishale juu ya mishale. Wapo waliouona mwanya huo. Mwezi wa Septemba 1974 UNESCO iliitisha kongamano Nairobi juu ya lugha na ufundishaji wa hisabati, na mtaalamu wa isimu M.A.K. Halliday alieleza pale jinsi lugha yoyote inavyoweza kukuza msemo wake wa kihisabati kwa kutumia mali yake yenyewe. Shimo na tundu ni mali ya namna hiyo. Sikumbuki kitabu cha darasani kilichoitumia.

Kenya iliifuta hisabati ya kisasa mwaka 1981. Tanzania nayo iliachana nayo kama mpango, ingawa mabaki yalidumu. Kwa miaka mingi Kidato cha Pili wameendelea kusoma seti na Kidato cha Nne matriksi na mageuzo ya maumbo, bila kujua kwamba hayo ni magofu ya jumba lililowahi kuanza kujengwa. Waliolaumiwa ni walimu. Lawama ilikuwa nyepesi kutolewa, kwa kuwa mwalimu ndiye aliyekuwa karibu. Lakini mwalimu aliyepewa semina ya siku chache wakati wa likizo, kwa lugha asiyofundishia, ili aibebe karne ya Poincaré na Hurewicz, amefanyiwa kama punda anayetwishwa mtungi kisha akalaumiwa kwa kutojua kilichomo.

Kule ilikotoka, hisabati yenyewe haikungoja. Mwaka 1967, tukiwa tunajifunza kuchora mazizi ya seti, Daniel Quillen alichapisha kazi iliyoonyesha kwamba ufundi wa homotopi waweza kutumika hata pasipo na maumbo wala kamba, na mwaka huohuo Jean Bénabou akaeleza kategoria zenye mishale kati ya mishale. Mwezi wa Februari 1983 Alexander Grothendieck, aliyekuwa ameziacha taasisi kubwa za Paris tangu mwaka 1970 na kuishi kusini ya Ufaransa, alianza kumwandikia Quillen barua. Barua haikukoma. Ilifika mamia ya kurasa, ikawa kitabu. Ndani yake alidai kwamba umbo lolote ni ghorofa zake tu: sehemu, njia kati ya sehemu, njia kati ya njia, na kuendelea bila mwisho, na anayejua ghorofa zote amelijua umbo.

Kulithibitisha dai hilo kulikuwa kugumu. Mwaka 1991 Mikhail Kapranov na Vladimir Voevodsky walichapisha uthibitisho wa sura moja yake. Mwaka 1998 Carlos Simpson akatoa makala yenye mfano unaoipinga. Hakuna aliyeonyesha kosa lilipo, na Voevodsky aliendelea kuamini kwamba yuko sahihi. Katikati ya hayo alipata nishani ya Fields, mwaka 2002, heshima kuu kabisa kwa mwanahisabati kijana. Ni mwaka 2013 tu alipoliona kosa lake mwenyewe. Miaka zaidi ya 20 ilikuwa imepita, na wasomi wa dunia nzima hawakuwa na njia ya kuwa na hakika. Ghorofa zilikuwa zimekuwa ndefu mno kwa macho ya binadamu. Jacob Lurie alipotoa mwaka 2009 kitabu chake cha kuzipanga kategoria za ngazi za juu, kilizidi kurasa 900.

Voevodsky aliamua kwamba kompyuta ikague uthibitisho. Ili kompyuta ifanye hivyo, ilibidi aifundishe maana ya "sawa", na hapo akarudi chini kabisa, kwa mbuzi na vigingi. Katika lugha aliyoijenga, kusema kwamba vitu viwili ni sawa si kusema ndiyo au hapana. Ni kutoa njia kutoka kimoja hadi kingine. Na zikiwapo njia sita, basi kuna sawa sita, na sawa hizo nazo zaweza kuwa sawa kati yao au zisiwe. Seti haikutupwa. Imebaki kama chumba cha chini, kile ambacho ghorofa zake za juu hazina kitu. Mwaka wa masomo wa 2012 hadi 2013 wanahisabati makumi kadhaa walikusanyika Princeton kuijenga lugha hiyo, wakatoka na kitabu cha pamoja. Voevodsky alifariki mwaka 2017, akiwa na umri wa miaka 51.

Moja ya mambo ya kwanza waliyoyahakiki kwa kompyuta ni lile la ndama na kigingi. Daniel Licata na Michael Shulman walichapisha mwaka 2013 uthibitisho kwamba mizunguko ya kamba kwenye duara ni namba kamili, chanya, hasi na sifuri, bila kuzidi wala kupungua, mstari kwa mstari kwa namna ambayo mashine inakagua. Mashine haikuambiwa duara lina upana gani wala kamba ina urefu gani. Iliambiwa tu kwamba kuna mahali pa kuanzia, na kwamba kuna njia inayotoka hapo na kurudi hapohapo.